Mlichi Uliosalimiwa Kila Asubuhi

Neno la kwanza ambalo mzee wa kitalu aliniambia lilikuwa "Vibaya." La pili lilikuwa "Rudia."

Nilikuwa nimesimama mbele ya kitalu chake pale Nyarugusu, mji wetu wa wachimba dhahabu, mdogo wangu Limi mgongoni, na Masanja, anayemtangulia Limi, kanishika kanga. Nilikuwa nimemwamkia vizuri, nikasema nimekuja kuomba kazi ya kumwagilia, na kwamba nimesikia ana miche ya embe la Wachina. Kumbe katika kitalu kile hapakuwa na kitu kinachoitwa embe la Wachina. Kulikuwa na Lichi chinensisi, na mtu asiyeweza kuitamka hakuruhusiwa kuigusa hata kwa maji.

Nikarudia mpaka akaridhika. Akanipa kopo, akamlaza Limi kwenye gunia la samadi kavu, akaniambia nianzie mstari wa juu. Baba na mama walikuwa wamefariki mwaka ule, wakipishana kwa miezi michache. Mimi niliacha shule darasa la sita. Mzee hakuniuliza lolote kuhusu hayo. Aliniuliza kama ninaweza kusema Dimokapasi longani, jina la miche ya mstari wa pili.

Majina hayo aliyatoa kwenye kituo kimoja cha utafiti wa mazao alikokuwa kibarua ujanani. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi vibao vilivyosimikwa chini ya miti na kuyafuatisha maandishi yaliyofifia. Mabwana watafiti walipita wakitajiana majina, yeye yuko chini na brashi, anasikia. Alipoondoka kituoni alichukua miche michache kwenye makopo ya rangi na majina yote kichwani. Aliyatamka kwa Kisukuma chake, kila neno lililokatika mwishoni akiliwekea mkia wa "i", na hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba huko yalikotoka hayakuwa na mkia.

Aliyapenda zaidi majina yaliyotoka Uchina. Ya Kilatini, alisema, yalitungwa na watu waliokaa mezani. Haya ya Uchina mti umetoka nayo kwao, kama mtu anavyosafiri na jina alilopewa na bibi yake. Sijui hilo alilisoma wapi, na siamini kwamba alilisoma.

Watu hakuwaita kwa majina kabisa. "Watu wana majina mengi na bado hawaitiki," alisema. Mimi nilikuwa Mche Mkubwa. Limi alikuwa Mche Mdogo. Masanja, ambaye alichelewa kurefuka, akaitwa Ginkigo, kwa sababu mzee alisikia kituoni kwamba mti wa ginkigo unaweza kukaa umri wa mtu mzima bila kuzaa. Wateja waliosimama bila kununua nao walikuwa ginkigo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ginkigo. Mti wenyewe hatujawahi kuuona, si yeye wala sisi, lakini Nyarugusu nzima ilijua kwamba ukiitwa hivyo umetukanwa. Masanja sasa ni mrefu kuliko mlango wetu na bado anaitwa Ginkigo na watu wasiojua hata kwamba ni mti.

Chainizi, ile mboga ambayo kila mama sokoni anaifunga mafungu, aliiita Brasika. Mama lishe mmoja aliyekuwa jirani yetu alimkomesha siku moja.

"Mzee, leo kuna ugali na chainizi."

"Hakuna kitu kama hicho."

"Haya. Basi hakuna chakula."

Akakaa kidogo kwenye benchi akiangalia wenzake wanavyokula, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Lete hicho ambacho hakuna."

Bwana kilimo alipokuja na pikipiki yake kutafuta miche, akasema "Lichi sinensisi," mzee akamjibu kama alivyonijibu mimi. Bwana kilimo alicheka, akasema chuoni walifundishwa hivyo, akaondoka na miparachichi. Jioni ile nilimkuta mzee nyuma ya tangi la maji akijaribu peke yake. "Chinensisi. Sinensisi. Kinensisi." Aliponiona akakohoa, akaniuliza kwa nini nimeacha bomba wazi. Bomba lilikuwa limefungwa.

Kulikuwa pia na habari ya jinsengi. Maduka ya Nyarugusu yana pakiti zake, wachimbaji wananunua wakiamini inampa mtu nguvu shimoni, na nguvu nyingine za nyumbani. Mzee alisimama mbele ya duka akamwambia muuzaji kwamba jina kamili ni Panaksi jinsengi, kwamba ule unga mle ndani huenda ni mihogo, na kwamba mwanamume anayehitaji pakiti apumzike tu. Alikuwa amefiwa na mkewe siku nyingi. Nilipofagia chumba chake nilikuta pakiti tatu kwenye kiatu. Nikazirudisha kwenye kiatu.

Lakini imani yake kubwa ilikuwa juu ya mlichi, na imani hiyo aliitoa machungani. Alikua akichunga ng'ombe, na mtu aliyekulia machungani kwetu anajua kwamba kila ng'ombe ana jina lake. Ukimwita kwa jina lake anainua kichwa. Ukimwita kwa jina la mwenzake anaendelea kutafuna, na maziwa anayabana. Mzee aliona mti hauna tofauti. Lichi imetoka kwao ikiwa na jina, imefika kwetu watu wanaiita embe, wengine pera, wengine lile dude la Wachina. Itazaaje? Imenuna.

Kwa hiyo kila asubuhi alivua kofia mbele ya mlichi mkubwa wa kitaluni, akauamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Lichi chinensisi." Mimi pia nilitakiwa kusema. Mteja aliyenunua mche alifundishwa salamu kabla ya kupewa. Wengi waliisema wakiwa bado getini na kuisahau kabla ya kufika barabarani.

Mlichi mkubwa wa kitaluni haukuzaa. Ya wateja haikuzaa. Miaka ikapita, watu wakaanza kuikata kwa ajili ya nguzo na kuni, na walipomkuta njiani hawakumhurumia.

"Mzee, ule mti wako umenipa kivuli kizuri sana. Matunda yamekwenda kwa mwingine?"

"Unauitaje?"

"Embe la Wachina."

"Basi."

Ukimuuliza tunda lenyewe lina ladha gani, alijibu, "Kama zabibu iliyopelekwa shule." Ukiuliza zaidi aligeuka kutafuta jembe.

Mwaka niliopata kazi alinipa mche mmoja wa lichi bila kusema ni wa nini. Niliupanda uani kwetu, kati ya mlango na barabara, mahali mama alipokuwa akianika dagaa. Ulikua nao wadogo zangu. Limi alifungia kamba ya nguo pale. Mimi niliusalimia kila nilipotoka kwenda kazini, mwanzoni kwa kumwogopa mzee, baadaye kwa sababu mdomo ulikuwa umeshazoea.

Kisha baba mdogo, mdogo wake baba yetu, akaja na nyundo.

Nyarugusu kila mtu ana macho ya kutazama chini. Baba mdogo aliokota mawe uani kwetu, akayasaga, akayaosha kwenye karai, akaona chembe ambazo mimi sikuziona. Akasema mwamba wenye dhahabu unapita chini ya nyumba yetu, na sehemu yake nzuri ni pale pale ulipo mti. Alitaka kufungua duara. Duara ni shimo la kushuka watu, na tuliokulia hapa tunajua nyumba iliyochimbwa duara mlangoni inaishia wapi. Kwanza ufa ukutani, kisha wanaume msiowajua wanalala sebuleni kwenu, kisha nyinyi ndio wageni. Kiwanja kilikuwa cha baba, na sisi tulikuwa watatu tusio na pengine pa kwenda. Lakini baba mdogo ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, na hakusema anataka kutuondoa. Alisema anataka kuondoa mti.

Tukaenda kwenye baraza la mwenyekiti wa kitongoji, ukumbi umejaa watu. Baba mdogo alizungumza vizuri.

"Kabula huyu ni mtoto wangu, simnyang'anyi kitu. Lakini ule mti una miaka yote hii hata ua hauna. Kiwanja kinalala na kitu kisichozaa, na chini yake kuna mali. Nani kati yenu angekubali?"

Mimi nilisema mti ule ni wa kwetu na siukati. Mwenyekiti akaniuliza una faida gani. Kabla sijajibu, mzee wa kitalu, ambaye hakuna aliyemwita, akasimama kule nyuma na kofia mkononi.

"Huo mti utatoa maua."

"Lini, mzee wangu?" akauliza mwenyekiti.

"Ukiitwa vizuri."

Ukumbi ukacheka. Baba mdogo akasema, "Basi uite na dhahabu ije yenyewe, tusitoke jasho."

"Msimu huu wa pamba hautaisha kabla ya ua," akasema mzee. "Ukiisha bila ua, ukate."

Ningekuwa na jembe mkononi siku ile sijui kama kitalu kingekuwa na mwenyewe leo. Hakuniuliza. Aliweka nyumba yangu rehani kwa mti ambao haujawahi kuchanua. Lakini mwenyekiti alishaitikia, baba mdogo alishaitikia, na watu walishaanza kuinuka. Wakaongeza kwamba baba mdogo aruhusiwe kuchimba mtaro wa majaribio upande wa barabara, ili mradi asiguse shina. Nikasema sawa.

Tangu siku ile mzee alikuja uani kwetu kabla jua halijawaka, akasimama na kofia kifuani, akasalimia. Masanja na Limi walimchungulia dirishani wakizibana midomo. Ndani ya mtaro, vijana wa baba mdogo walikuwa wakipiga sururu, na wao wakazoea. "Mwangaluka, Lichi chinensisi," wakaitikia wote kutoka shimoni, na mmoja akaongeza, "Hajambo, anaoga."

Mwezi ukaisha. Mzee akaanza kuogopa, nilimwona. Alikuja kitaluni akanikalisha chini.

"Mche Mkubwa, huenda tatizo ni sisi."

"Sisi vipi?"

"Tunatamka kama wale mabwana wa kituoni. Na wao walitamka kama waliosikia kwa wengine. Huyu anataka asikie kwa mtu wa kwao."

Mtu wa kwao alikuwepo. Palikuwa na mtambo wa Wachina wa kuchenjulia dhahabu upande wa pili wa barabara, na mpishi wao, Mchina mnene mwenye kandambili, alikuja kitaluni kila wiki kununua chainizi na vitunguu vya majani. Kiswahili alikipata sokoni, kwa hiyo alijua kupunguza bei na kulaumu hali ya hewa. Tukampeleka uani kwetu. Akautazama mti, akacheka kwa furaha kabisa, akashika jani lake kwa vidole viwili.

"Laichi! Kwetu mingi. Mama yangu nayo."

"Rudia," akasema mzee.

"Laichi."

Mzee alishtuka kama mtu aliyeambiwa jina la mkewe lilikuwa jingine. Bahati mbaya mpishi alikuwa amefuatana na mwenzake, fundi wa mashine, mrefu, mtu wa kaskazini huko kwao. Fundi akatikisa kichwa. "Si laichi. Lìji," akasema, akiishusha sauti mwanzoni kama anayekanyaga ngazi. Mpishi akajibu kwa Kichina. Fundi akajibu. Wakabishana pale chini ya kamba ya nguo mpaka vijana wakatoka shimoni kutazama.

"Hata wenyewe hawajui," akasema baba mdogo kutoka ukingoni.

Mzee alikuwa ameumia. Mimi nilichoka na kutamka, nikamuuliza mpishi kitu ambacho katika miaka yote hakuna aliyeuliza kitaluni.

"Lina maana gani?"

Hapo ugomvi ukaisha. Wote wawili walikubaliana. Mpishi alinieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno: wazee wao husema jina hilo linahusu kuachana na tawi. Tunda hili huvunwa na kijiti chake. Ukilinyofoa peke yake, kesho rangi imekwenda, keshokutwa harufu, siku inayofuata unatupa. Ukilikata na tawi linasafiri.

"Jina nasema hivyo," akamaliza. "Usinyofoe."

Longani je, nikauliza, kwa kuwa tumeshaanza. Jicho la joka, akasema, akatengeneza jicho kwa vidole. Jinsengi? Fundi akajibu hilo: mzizi wenye umbo la mtu. Mzee alisikiliza akiwa amekunja uso. Miaka yote amebeba majina kama mtu aliyebeba masanduku yaliyofungwa, na kumfungulia mbele ya watu hakukumfurahisha. "Maana ni ya watu," akaniambia baadaye. "Mti haujali maana. Unajali sauti."

Kabla ya kuondoka mpishi aliiangalia ndoo yangu. "Dada, maji mingi. Mti nalewa. Hapana chanua kama nashiba." Akaupiga mti kofi la kirafiki, akachungulia kwenye mtaro wa baba mdogo, akaona mizizi minene iliyokatwa upande ule wote, akainua dole gumba. "Huyu nafanya vizuri."

Baba mdogo hakujua kama amesifiwa au ametukanwa.

Niliacha kumwagilia. Mzee hakuacha kusalimia, ila sasa alisalimia kwa namna zote tatu, akianza na ya kituoni, kisha ya mpishi wa kusini, kisha ya fundi wa kaskazini, akikanyaga ile ngazi kwa uangalifu mkubwa. Baridi ya kiangazi ikaingia. Magari ya pamba yakaanza kupita. Mtaro ulifika mahali pa maji, ukawa unachotwa kutwa nzima bila jiwe la maana kutoka.

Limi ndiye aliyeona. Alikuwa akianua nguo, akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, mti umeota nywele." Kwenye ncha za matawi palikuwa na vishada vya vitu vidogo vya rangi ya chai ya maziwa, visivyofanana na ua lolote unaloweza kumpa mtu. Nyuki walishavifikia.

Mwenyekiti alikuja kutazama. Baba mdogo alikuja na panga, akasimama, akasema hayo si maua. "Nyuki wanasema ni maua," akasema mwenyekiti, akarudi kwake. Baba mdogo aliondoa vijana wake wiki ile. Ni mtu wa kukasirika, si mtu wa kuvunja neno alilolisema mbele za watu, na hilo namshukuru. Shimo lake tumelipanda migomba.

Mzee baada ya hapo hakuvumilika. Alipita sokoni polepole ili aulizwe. Nilijaribu kumwambia kuhusu mizizi iliyokatwa na maji niliyopunguza, akanisikiliza kwa upole anaotumia mtu kumsikiliza mgonjwa wa homa.

"Mche Mkubwa, mwaka huu uliitwa vipi?"

"Kwa namna tatu."

"Na miaka mingine?"

"Moja."

"Basi."

Vuli ilipokaribia kifua kilimbana. Binti yake alikuja kumchukua, akampeleka kwake, kijijini Didia, wakati vitunda vilikuwa bado vya kijani na ukubwa wa harage. Kitalu akaniachia mimi kwa maneno machache: nisiruhusu mtu aseme embe.

Matunda yaliiva kabla ya Krismasi. Mekundu, magamba kama ya kenge, mengi kuliko nilivyotarajia. Nilikata vishada na matawi yake na majani yake, nikafunga mzigo kwa kanga iliyoloweshwa, nikapanda basi, nikabadilisha, nikamalizia kwa bodaboda. Kondakta aliniuliza kuni hizo ni za dawa gani.

Binti yake alinipokea uani. Mzee alikuwa kwenye kiti cha ngozi, amepungua, kofia imemzidi kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kitalu?"

"Kipo."

"Ginkigo?"

"Amefika kidato cha pili."

Nikafungua kanga. Matunda yalikuwa bado mekundu kama asubuhi nilipoyakata. Aliyatazama muda mrefu. Akachukua moja, akalizungusha, akalisogeza puani. Binti yake akasogea pia. "Baba, ndiyo haya uliyokuwa ukituhubiria tangu tukiwa wadogo?"

"Ndiyo haya," akasema mzee, akaling'ata na ganda lake.

Nikaona meno yakigoma kwenye magamba. Nikaona uso ukijitahidi usibadilike. Ndipo nikaelewa ile zabibu iliyopelekwa shule. Mlichi wa kituoni nao haukuwahi kuzaa. Maisha yake yote alikuwa akilisifu tunda asilolijua.

Binti yake alikuwa anamwangalia. Nikachukua langu, nikaketi mahali mzee anaponiona vizuri, nikaingiza ukucha pale penye kijiti, nikalimenya taratibu kuliko inavyohitajika, mpaka ile nyama nyeupe ikatoka yote. Nikala. Mbegu nikaiweka kiganjani.

Mzee alilitoa lake mdomoni. "Nilikuwa naonja ganda," akamwambia binti yake. "Ganda huonjwa kwanza." Kisha akaingiza ukucha pale penye kijiti, akalimenya, akalitia mdomoni, akafumba macho.

Juisi ilimtiririka kidevuni, hakuifuta.

"Wabeja," akaniambia. Kabla ya hapo hakuwahi kunishukuru hata siku moja.

Akaitema ile mbegu, nyeusi na ya kung'aa, akaifuta kwenye shati. Akamwambia binti yake mbegu hii haingoji, ikikauka imekufa, alete kopo na udongo sasa hivi. Binti akasema, "Baba, huo mti utazaa lini? Sisi wenyewe tutakuwepo?" Lakini alishaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Mzee akaipanda mwenyewe, akaishindilia kwa dole gumba.

"Sasa," akasema, "isalimie."

"Niisalimieje, baba?"

"Sema, Mwangaluka, Lichi chinensisi."

Binti akanitazama mimi, nikaangalia pembeni. Akasema.

"Vibaya," akasema mzee. "Rudia."